Mama Anataka Picha ya Nne

Jumanne, Kibondo

Na bado amenuna. Tangu tutoke hospitali Mama hajanisemesha, ila chai yangu ameinywa yote.

Mgongo unamsumbua tangu tuvune mahindi. Amepigwa eksirei tatu, moja Kasulu na mbili hapa, kwa sababu kila daktari alitaka picha yake. Mimi nakosa usingizi nikiwaza ile mionzi inaweza kumletea nini. Yeye ameshaamua kuwa mionzi ndiyo dawa yenyewe. Kila akitoka kwenye mashine husema mgongo umepoa.

Leo alikwenda kudai ya nne. Nikamweleza daktari hofu yangu. Akazitazama zile tatu, moja moja, akazirudisha kwenye bahasha.

"Mama, hizi zinatosha. Mifupa ni mizima. Mionzi hatuipigi bila sababu. Nitakuonyesha mazoezi ya kunyoosha mgongo."

Mama akanigeukia. "Mwana wanje, mwanangu mwenyewe, umemhonga aninyime matibabu?"

Nikamwambia mashine inaangalia tu, haitibu.

"Kama haina nguvu, mbona wanaoiendesha hukimbilia nyuma ya ukuta?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema wao wako pale kila siku, mgonjwa hupita tu. Mama hakuridhika. Ukweli, hata mimi sikuridhika sana, ila nilishukuru kwamba leo hakupigwa.

Jioni nimechungulia uani. Alikuwa anajinyoosha taratibu, mikono juu, vilevile alivyoelekezwa. Aliponiona akainama haraka, akajifanya anaokota kuni.