Pinde Ulizochonga Bila Kushika Kisu

Isiolo, Jumamosi, 7 Julai 1979. Asubuhi upepo wa vumbi, baridi kidogo, anga tupu.

Mpendwa kaka,

Nimekuandikia barua nyingi ndani ya daftari langu na sikutuma hata moja. Hii nitainakili na kumpa dereva wa lori la ng'ombe anayepitia Nanyuki, kwa sababu leo nimefanya jambo linalokuhusu, na ni haki yako kulisikia kwangu kabla ya kulisikia kwa watu.

Unakumbuka tukienda kukata mkole, mti wa pinde za Baba, upande wa Leparua? Baba alipita miti mingi mizuri bila kuitazama. Akiona tawi analolitaka alilishika, akalikunja kidogo, akaliachilia, akasikiliza linavyorudi. Wewe ulikuwa nyuma yake ukimwiga, ukiushika mkia wa punda namna ileile na kutega sikio, nami nikicheka mpaka Baba ageuke. Punda alikuwa mpole. Baba hakuwa.

Katika daftari la mwaka wa 1970 nimeandika: "Kaka amechonga mgongo wa upinde. Umevunjika na kumpiga sikio." Baba alikuwa amekwambia mara nyingi kwamba mgongo, ule upande uliolala chini ya gome, hauguswi na kisu, unachongwa upande wa tumbo peke yake. Ulitupa vipande motoni ukasema, "Huu mti una roho mbaya." Baba akajibu bila kuinua kichwa, "Mti hauna neno. Mwenye neno ni huyo mwenye kisu."

Mimi sikuruhusiwa kushika. Wateja wetu walikuwa na sharti lao: kijana akishatahiriwa huzunguka na upinde wake akiwinda ndege wadogo mpaka apone, na upinde huo usiguswe na mkono wa mwanamke. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji na kutazama. Nilitazama vizuri.

Uliondoka mwaka wa 1974. "Nitarudi mvua ikinyesha," ulisema ukiwa umeshapanda juu ya lori. Imenyesha mara kadhaa.

Mwaka uliofuata nilimaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya chuo cha ualimu. Macho ya Baba yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Wiki ileile barua ya chuo ilipofika, alijikata kiganja akichonga upinde wa mtu wa Oldonyiro. Nilimfunga kitambaa. Akaninyooshea kisu, mpini ukiwa upande wangu. "Mama," aliniita hivyo akiwa na ombi, "ni msimu huu tu. Wakiuliza, ni kazi ya kaka yako."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa fundi.

Nilichonga jikoni, mlango umefungwa. Nilikwangua kwa kipande cha chupa, na mabaki yote nikawashia moto wa chai ili yasionekane. Baba aliuvuta upinde mimi nikimwambia mikono ya upinde, wa juu na wa chini, inavyopinda, naye akipitisha vidole kwenye tumbo la mti. "Mkono wa chini umelala," alisema. "Uamshe." Nikakwangua tena kidogo. Akivuta na kunyamaza, nilijua umekubali. Saa zile nilikuwa na furaha, sitakuficha. Lakini mgeni akibisha ilinibidi kuruka kwenye sufuria nikoroge maji matupu, na Baba kusema kwa sauti kwamba umetoka sasa hivi.

Msimu ukawa miaka. Hata uwindaji ulipopigwa marufuku, pinde za watahiriwa ziliendelea kuagizwa, na sifa zako zikafika mbali. "Fundi wetu haonekani kama simba," walisema, "lakini kazi yake inaonekana." Mikono yangu ikaota sugu. Kanisani nilijifunza kusalimia kwa ncha za vidole.

Baba alipofariki mwaka jana nilidhani mambo yataishia pale. Siku ya tisa baada ya mazishi mtu alikuja kuagiza upinde. Ningemwambia nini? Nikisema umeondoka, atauliza tangu lini.

Mwezi wa tano nikapata barua nyingine ya chuo. Nafasi ni Septemba, na ya tatu sitapewa. Mwezi huohuo yule mzee wa Oldonyiro, rafiki wa Baba, alikuja peke yake. Hakutaka chai.

"Nimepita Nanyuki," alisema. "Nimemwona kaka yako."

Nikaficha mikono ndani ya kanga.

"Amenona. Anakata nyama kwa bucha. Watu wa huku wakipita wanamnunulia chai, wanamwita fundi, wakidhani amekuja kwa siku mbili tu, na yeye anawafundisha. Anasema mti unapakwa mafuta ukiwa bado mbichi." Alicheka mpaka akashika ubavu. "Nikamsalimia. Kile si kiganja cha fundi, ni cha mtoto wa kunyonya." Kisha akanyoosha mkono wake. Sikuwa na namna. Alinishika, akapapasa sugu zangu moja moja.

"Tangu lini?"

"Sabini na tano."

Nilimwambia nimechoka, nataka kusema ukweli mbele ya watu niende chuo.

"Na wale vijana?" aliniuliza. "Wengine ni moran sasa, wanashika mikuki. Siku mtu akitaka kumtukana mmoja wao, atamwambia alipona na upinde wa jikoni. Mama yake akija kulia hapa, utamjibu nini?"

Wengine nawajua kwa sura. Kuna mmoja hunisalimia sokoni akiniita dada, hajui. Nilimwomba mzee akupelekee ujumbe: uje siku moja tu, usimame mbele yao na kusema umeacha kazi. Siku moja. Jibu lako lilifika mwezi wa sita: "Mwambie aendelee. Huku naheshimika."

Nililiandika katika daftari, na tarehe. Sikuongeza neno.

Leo saa tano mzee amekuja na mtu mwingine ambaye mwanawe anatahiriwa karibuni. Tulisalimiana vizuri.

"Fundi yuko?" mgeni akauliza.

"Hayuko. Amejikata."

"Pole yake. Wapi?"

"Kidole gumba. Mkono wa kulia."

"Ai, gumba. Kisu bila gumba ni kijiko." Akacheka kidogo. "Si neno. Niko na mizizi, inafunga kidonda kwa siku nne. Kesho nitaleta mwenyewe, nimfunge. Mtoto wangu atangoja."

Akilini nilimwona kesho akiwa mlangoni na mizizi yake. Nikaiona na Septemba, ikipita.

"Hakuna cha kufunga," nikasema. "Kimeenda chote, mpaka kwenye fundo."

Yule mtu akafunika mdomo. Alimgeukia mzee kana kwamba hakuniamini, na mimi nikamtazama mzee pia. Alikuwa akichora mchanga kwa fimbo.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nimekiona."

"Basi kazi imekwisha?"

"Imekwisha," mzee akajibu. "Tafuta fundi mwingine."

Mgeni alipotangulia njiani, mzee alirudi hatua mbili. "Binti yangu," alisema polepole, "sasa utafanya nini na kaka mwenye vidole kumi?"

Ndiyo maana nakuandikia. Kaka, usirudi Isiolo. Siku ukishuka hapa na mikono yako mizima, watauliza nani alikuwa akichonga, na vijana wale watalipa. Kitanda chako nilikuwa nikikitandika kila Jumamosi, miaka mitano. Leo sikukitandika. Nilikuwa nikikungoja kuliko nilivyojua.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Lakini jioni, bombani, wanawake walikuwa wameshasikia. Waliniuliza damu ilikuwa kiasi gani, kilizikwa wapi, na kama ulilia. Kila jibu nililotoa nitalibeba mpaka nizeeke. Nimewaambia hukulia.

Chuo nitaenda. Huko Nanyuki waache wakununulie chai, lakini ukiwa na watu wa huku weka mkono wa kulia mfukoni. Na usiwafundishe tena kupaka mafuta mti mbichi. Utaoza.

Ni mimi, dada yako.

Nalala sasa, saa nane na robo usiku.