Tausi Hataki Kula Peke Yake

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi imetukamata hapa Kirua tangu wiki iliyopita. Ukungu umekaa kwenye migomba mpaka mchana huu na mlima hatujauona. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakufa ganzi nikiandika. Ila leo sina ugomvi na baridi. Leo nina ugomvi na kikao cha ukoo.

Mama alipofariki aliacha ng'ombe wawili. Baada ya kuondoa matanga wazee walikaa, pombe ya mbege ikazunguka, wakatoa uamuzi wa haki kabisa: Malaika, yule mkubwa, aende Mwika kwa kaka yangu Eliya, na Tausi, yule mdogo, abaki kihambani, shamba letu la nyumbani, na mimi niliyekuwa namuuguza mama. Kila mtoto na ng'ombe wake. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Hakuna aliyemfikiria Tausi.

Watu wa tambarare wanaweza kushangaa. Kwao ng'ombe wanatoka kwa makundi, akiondoka mmoja wamebaki wenzake. Huku juu ng'ombe hatoki. Ardhi yote ni migomba na kahawa, kwa hiyo anazaliwa bandani, analetewa majani bandani na anazeekea humohumo. Hata mimba aliyo nayo Tausi ilikuja na daktari wa mifugo kwenye pikipiki. Dume lenyewe hajawahi kulisikia hata harufu. Katika maisha yake yote amekaa na ng'ombe mmoja tu. Kundi lake zima lilikuwa Malaika.

Tangu Malaika apakiwe kwenye gari, Tausi anasimama kaelekea barabarani na kulia. Namwekea majani mabichi, migomba niliyokatakata, pumba, chumvi. Ananusa, anageuza shingo. Mbavu zimeanza kuonekana na amebakiza wiki chache azae. Daktari amempima joto, amemtazama macho na kinyesi, hakuona ugonjwa. Ila amenionya kwamba akifika siku ya kuzaa hivi alivyo, anaweza kulala chini asiinuke tena. Baba mdogo aliposikia akanipigia kunishauri nimwite mtu wa bucha mapema, wakati bado ana nyama. Nilikata simu. Najua si adabu, lakini nilikata.

Sasa ndipo ninapoelewa vitu nilivyokuwa naviona kila siku bila kuviona. Asubuhi Malaika alikuwa anamlamba Tausi shingoni, pale ulimi wake mwenyewe usipofika, na Tausi anafumba macho kama mtu anayesukwa nywele. Walilala wamegusana migongo msimu wa baridi kama huu. Inzi wakizidi, walisimama huyu kichwa huku na yule kichwa kule, mkia wa mmoja ukimfukuzia mwenzake inzi usoni. Nikileta chakula kigeni, Malaika alionja kwanza, Tausi akafuata. Mimi nilidhani wanagombania nafasi kwenye hori.

Nimejaribu kila kitu. Niliazima mbuzi wa jirani yangu Mama Aikande ili awe mwenzake. Yule mbuzi alipanda ndani ya hori akamaliza pumba zote, na Tausi akamtazama kama mgeni asiye na haya. Kisha nikabeba kioo kikubwa cha kabati la mama nikakifunga ukutani bandani. Mama Aikande alipita akasimama kabisa.

"Mae! Umemfungulia ng'ombe saluni?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na kweli Tausi alikisogelea kile kioo, masikio yakasimama, akala majani kidogo huku akijitazama. Halafu akakilamba. Akakuta ni baridi. Akakipa mgongo na hajakigeukia tena.

Hapo sikucheka. Nililia, na sitaficha kwamba sikuwa namlilia ng'ombe peke yake. Tangu mama aondoke mimi pia nakula nimesimama jikoni, siku nyingine sili kabisa.

Leo asubuhi nilishuka mtoni kukata majani. Mbega walikuwa juu ya miti, na kati yao kulikuwa na mama mwenye kichanga, bado cheupe pee. Mwenzake alikuja akakichukua, baadaye mwingine akakipokea, na mama mtu akapata nafasi ya kula majani yake kwa raha. Kivuli cha tai kilipopita, dume lao lilinguruma na wote wakazama kwenye matawi mazito, kichanga kikiwa mikononi mwa asiyekizaa. Nilisimama na mundu wangu nikawaza: huyu mama angekuwa peke yake angekula saa ngapi, na angeangalia juu saa ngapi?

Nikapanda nyumbani, nikampigia Eliya. Hatujaongea tangu kikao. Niliapa sitamwomba kitu.

"Kaka, shikamoo. Naomba Malaika."

"Marahaba. Malaika ni wangu. Wazee walishaamua."

"Ni wako, sijakataa. Nifugishe."

Anajua vizuri ninachosema. Kwetu mtu anaweza kuwa na ng'ombe asiyelala kwake. Anamfugisha kwa ndugu au jirani. Anayefuga anapata maziwa na mbolea, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na hakuna mzee atakayesema uamuzi wa kikao umevunjwa. Namshangaa mtu mzima kama mimi kukaa siku zote hizi bila kulikumbuka jambo la kawaida hivi. Kiburi kilinikalia kichwani.

"Huku naye hanyamazi," Eliya akasema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Wifi yako anasema tumeleta msiba nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Hakusema ndiyo. Amesema niende tuongee, na ninamjua kaka yangu. Akishaona gari la kumbeba Malaika barabarani anaweza kughairi ili asionekane ameshindwa na mdogo wake wa kike. Kwa hiyo nimeamua kabla sijatoka. Akikubali, Malaika anapanda kuja Kirua. Akikataa, Tausi nitamfugisha kwake, asafirishwe taratibu na daktari akiwepo, nami nitabaki na banda tupu na migomba isiyo na mbolea. Nimeuliza, na daktari amesema wiki hii bado anaweza kusafiri.

Itaniuma. Nitaamka asubuhi na hakuna anayenisubiri.

Lakini kesho naenda Mwika, mvua inyeshe isinyeshe. Iwe huku au kule, Tausi hatazaa peke yake.