Kazi Aliyoipata Zuena

Rumonge, Jumapili mchana

Kwako yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, huko Kalemie,

Amahoro, yaya. Hapa wanasalimiana hivyo, na mdomo wangu umeshazoea. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwa sababu ukishika simu wewe, mama husikiliza pembeni.

Yaya, nina wivu. Namwonea wivu Zuena, mtoto wa mama mdogo Asha, yule ninayelala naye chumba kimoja tangu nilipovuka ziwa miaka mitatu iliyopita.

Mwezi uliopita mradi mmoja wa samaki ulitafuta mwanamke wa kuzunguka ufukweni, awafundishe wauzaji kuanika visamaki vya ndagala juu ya vichanja badala ya mchangani. Mimi na Zuena tulipeleka dosie za kuomba kazi, tukaitwa wote wawili kwenye mahojiano. Unaijua diploma yangu ya ualimu. Zuena aliacha shule mapema, anauza ndagala sokoni. Nikaona kazi ni yangu. Nikaandika majibu kwenye daftari kwa Kifaransa, nikayakariri mpaka nikawa nayasema nikiosha vyombo.

Zuena akaja, akaketi mkekani. "Hadija, wewe ulisoma. Nifundishe namna ya kuongea mbele ya wale wakubwa."

Hapo ndipo nilipokosea. Zuena akipita njiani kila mtu anamwita, wanacheka naye. Mimi miaka mitatu bado naitwa "yule mugeni wa kwa Asha". Nikaogopa. Nikamwambia, "Jibu ndiyo au hapana tu. Usiwaangalie usoni, watasema huna adabu. Na usiulize swali, wataona hujui kitu."

"Aksanti," akasema. Siku ya mahojiano akanisuka nywele.

Niliingia wa kwanza. Nyuma ya meza walikaa watatu. Aliyeuliza alikuwa mama mmoja wa miwani, kwa Kiswahili. "Tuseme mwanamke wa pale Magara anakuambia: bibi yangu alianika mchangani, mama yangu alianika mchangani, vichanja vyenu sivitaki. Utamjibu nini?"

Nikamwaga Kifaransa changu chote: usafi, ubora, soko. Yule mama akangoja nimalize. "Na akisema hajaelewa?"

Nikarudia yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Akaandika kitu kifupi, akanishukuru.

Nikatoka, nikaketi barazani chini ya dirisha. Zuena akaingia. Nikasikia "ndiyo". Nikasikia "hapana". Moyo ukatulia. Halafu likaja lile swali la Magara.

"Mama, naomba niulize kwanza," Zuena akasema. "Huyo mwanamke iko na mutoto mugongoni? Maana kama iko naye, peke yake hataweza kusimamisha kichanja."

Mmoja wao akacheka, kicheko cha kupendezwa. Zuena akaendelea. "Mimi singebishana naye. Ningekaa chini nimusaidie kuchambua ndagala zake. Tukichambua, yeye mwenyewe ataanza kuulaani ule muchanga. Hapo ndipo nitamwambia habari ya kichanja."

Wakamuuliza pia kipimo cha chumvi. "Hiyo sijui," akajibu. "Mukinionyesha nitajua." Yaya, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusema sijui mbele ya wakubwa na akazidi kupendeza.

Siku ya tatu wakampigia simu. Mama mdogo akapika pilau, majirani wakajaa, na Zuena akasimama, sahani mkononi. "Mwalimu wangu ni Hadija!" Wakanipigia makofi. Nikainamia sahani yangu.

Kesho yake nikampigia mama, nikamwambia Zuena amepewa kazi kwa sababu ni mtoto wa hapa, na mimi nimenyimwa kwa sababu nimetoka Kongo. Mama akalia. Najua mtaa mzima umeshasikia. Ni uongo, yaya. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Wiki nzima Zuena alikuwa akivaa kofia ya pikipiki aliyopewa na mradi asubuhi, na mimi najifanya bado nimelala. Alhamisi nikashindwa kuvumilia. "Mbona hukufanya nilivyokufundisha?"

Akafunga mkoba polepole. "Nilifanya. Jibu la kwanza, la pili. Yule mama akavua miwani, akaniangalia kama mutu anayeniaga. Nikasema basi, wacha niseme ninayoyajua. Na kwenye daftari lako uliandika kwamba mutu awaangalie machoni. Kifaransa changu ni kidogo, lakini hayo niliyaelewa. Nililisoma siku ileile uliyonifundisha, ila nikataka kukuamini wewe kwanza."

"Ulijua? Na bado ukanisuka?"

"Nywele zako zilikuwa zimefumuka, Hadija."

Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Tunasalimiana, lakini zile habari za sokoni alizokuwa akinisimulia huku tunakufa kwa kicheko, sasa anamsimulia mama yake.

Na wivu haujaisha, sikufichi. Jana nilimwona juu ya pikipiki akielekea Kigwena na fulana ya mradi, watu wanampungia mkono, nikageukia ukutani, nikainama kama mtu anayefunga kiatu. Jumanne nimeitwa kwenye mahojiano mengine, duka la dawa. Safari hii sijakariri kitu. Nimekwenda mara mbili kusimama pale ndani, nisikilize wagonjwa wanauliza nini na kwa maneno gani.

Nisalimie shemeji Radjabu, mume wako, na mwanenu anayejifunza kutembea. Msalimie na bibi mzaa mama, umwambie kitenge chake bado nakivaa Ijumaa.

Na mama, yaya, mweleze ukweli wote, hata ule wa ndiyo na hapana. Barua hii inakuja kwa boti ya kesho; nitampigia Jumatano, akiwa ameshanikasirikia.

Mdogo wako,
Hadija