Pumba za Bibi Yako

Mjukuu wangu Nyamizi,

Huku Misunkumilo hatujambo. Shangazi yako kajifungua mtoto mwenye pua yangu, maskini. Umeniuliza kiwanda chenu cha matofali kitapunguzaje kuni. Umefika kwa mwenyewe: aliyeanza kuchoma matofali kwa pumba za mpunga hapa mtaani ni mimi.

Basi, siyo mimi. Ni bibi yako.

Tulikuwa wachumba. Baba yake alisema hatoi binti kabla hajaona nyumba, na mvua zilikuwa zinakaribia. Matofali yangu mabichi yalikuwa tayari, ila miti ya karibu tulishaimaliza, na kufuata kuni mbali nilikuwa mvivu. Bibi yako alikuwa anafagia kwenye mashine ya kukoboa. Akaniambia, "Wewe, zile pumba tunazotupa nje zinaungua siku tatu bila mtu kuchochea. Zijaribu."

Nikamjibu, "Mwenzangu, tofali siyo kiazi."

Alizibeba mwenyewe kwa viroba, akazijaza kwenye tanuri la matofali yangu, akaliwasha moto. Lilipopoa nikalibomoa, matofali yalikuwa mekundu mpaka ndani. Ndiyo yaliyojenga nyumba alimozaliwa mama yako.

Kwa hiyo huko kiwandani, kabla hujamfuata meneja, kaa kidogo na anayefagia.

Sasa nakudai deni langu. Ulipovunja redio ya bibi, nilimwambia aliyeivunja ni mbuzi. Na wewe nisaidie: mpigie simu, mwambie babu amekiri habari ya pumba. Nimejisifu miaka mingi mno, kumwambia uso kwa uso nashindwa.

Babu yako