Urefu wa Dada Nafula

Dada Nafula,

Nanjala ameenda Bumula. Baba yake alikuja kumchukua Jumapili baada ya kanisa, na tangu gari lao liondoke hapa Kitale nyumba imenishinda. Nimekaa mlangoni na karatasi za shule. Nani mwingine nitamwambia?

Mtoto wako amekuwa mrefu. Viatu vya Krismasi havimwingii tena, na akicheka anafunika mdomo kama wewe. Kabla hajaondoka alinijia na hesabu zake, amekasirika. "Anti, kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi ya kitu kimoja?" Hayo yalikuwa maneno yangu, dada. Nilikulilia hivyo hivyo.

Mama alikuwa amefariki, wewe umeacha shule, unatushonea riziki kwenye baraza la duka moja pale mjini. Mwalimu alitaka tueleze kwa Kiingereza "length" ni nini, "height" ni nini, "depth" ni nini, na kichwani mwangu yote yalikuwa urefu tu. Uliweka mkasi chini. Ukanisimamisha ukutani: "Hii ndiyo height. Wewe ukisimama." Ukatandaza kitambaa mezani: "Hii ni length. Kitu kimelala." Ukanipima mabega kwa tepu: "Na hii ni width. Ati wewe huna kabisa, bana, kula ugali!" Ya "depth" ulinipeleka kisimani kwa jirani, ukaangusha kijiwe, tukangoja tusikie maji. Ulikuwa umeshika sketi yangu kwa nyuma nisianguke. Mtihani nilipita. Leo mimi ndiye mwalimu, na nikifika kwenye neno hilo mbele ya darasa, bado nausikia mkono wako mgongoni.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki ile uliyotuacha, Wafula alienda kwa seremala Bungoma kuagiza sanduku la kukuzikia, mimi nikamsindikiza. Alifika mlangoni tu, mume wako, akakaa chini kwenye maranda. "Shemeji, ingia wewe. Mimi siwezi." Nikaingia. Seremala alikuwa mzee mpole, penseli sikioni. Alikuwa ameambiwa mimi ni mwalimu, nadhani ndiyo sababu akaniuliza kwa Kiingereza, kwa heshima: "Length?"

Nilitaka kumsahihisha. Nilitaka kumwambia, mzee, huyo ni mtu, ni dada yangu, sema "height". Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaelewa.

Futi tano na inchi nne, nilimwambia. Nikatoka nje, nikakaa na Wafula pale chini.

Nanjala alikuwa mdogo sana, hata jina lako hakulitamka vizuri. Wafula aliniomba nikae na mtoto mpaka yeye apate nguvu. Miaka ikaenda. Alikuja kila alipoweza, na mahindi, na mkungu wa ndizi, hakuwahi kunidai mtoto. Nikaanza kuamini ni wangu. Nisamehe, lakini ndivyo moyo ulivyofanya.

Mwezi uliopita akaja amevaa koti. Ameoa tena, mama mtulivu wa Sirisia, amejenga nyumba ya mabati karibu na kaburi lako. "Shemeji, nimekuja kuomba mtoto wangu. Ukikataa sitagombana na wewe." Jibu nilikuwa nalo, dada. Nilikuwa nalo miaka hiyo yote. Nikaenda jikoni kuchemsha chai kwanza, nipate sauti ya kulisema.

Niliporudi nilimkuta Nanjala amemsogelea. "Baba, mama alikuwa anaimba?" Na Wafula, yule ambaye hata kanisani hufungua kitabu akanyamaza, akaimba. Vibaya! Akasema ndio wimbo uliokuwa ukimwimbia mtoto ukipalilia mahindi. Nilisimama na birika mkononi. Mimi wimbo huo siujui. Nilikulilia miaka yote kana kwamba ulikuwa wangu peke yangu, kumbe kulikuwa na Nafula wa Bumula niliyemwona sikukuu tu, anayeimba shambani. Mtoto wako alikuwa ananyonya kila neno. Mimi ningempa nini cha kulingana na hicho?

Nikamimina chai. Nikasema, aende.

Jumapili Nanjala alinikumbatia hapa mlangoni mpaka Wafula akageuka akaangalia barabara. Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, na ninalia sasa, na wino unatapakaa.

Basi, dada, mpokee. Atapita hapo ulipo kila asubuhi akienda shule. Nimemlea kwa kadiri ya nguvu zangu, na ni mtoto mzuri, ana maswali tu. Shule zikifungwa Desemba nitakuja Bumula. Nitakaa nao siku zote za likizo, na nitamwomba Wafula anieleze yale yote nisiyoyajua juu yako, hata yakiniuma. Nakuahidi nitasikiliza.

Lala salama, mama yangu wa pili.

Mdogo wako,
Nekesa