Krimu au Maziwa, Sebule Yetu ya Igoma

Mke wangu, Mama Neema,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikitaka kusema jambo hili, mtandao unakatika au bosi wako anakuita.

Unakumbuka chumba chetu cha kupanga kule Nyakato? Kuta zilikuwa za chokaa, ukiegemea tu unaondoka na ukuta mgongoni. Jumapili moja ulikaa kanisani na mgongo mweupe, Neema mapajani, na hakuna aliyekuambia mpaka ibada ikaisha. Ulicheka njia nzima. Tulipofika nyumbani ukaacha kucheka. Ukasema, "Baba Neema, mimi nataka ukuta wangu."

Mwaka uliofuata ukaenda Muscat kufanya kazi za ndani. Tulikubaliana: utume pesa, nijenge hapa Igoma, na nyumba ikiisha, unarudi. Neema alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana minane.

Mwezi uliopita nyumba ilikuwa imebaki rangi ya sebule tu. Fundi alipaka vipande viwili ukutani, kushoto krimu, kulia maziwa, nikakutumia picha. Ukasema, "Mbona zote sawa?" Nikakuambia ukiwa hapa unaona tofauti, krimu ina unjano kidogo. Ukataka picha ya asubuhi. Kisha ya mchana, dirisha likiwa wazi. Kisha ya taa ikiwaka. Jumatatu ulipenda krimu. Alhamisi ukahamia maziwa. Jumapili ukasema maziwa yatachafuliwa na mikono ya mtoto, tusubiri kwanza. Fundi akaniambia, "Mwalimu, mimi nina kazi nyingine Buswelu, mkishaamua mtaniita," akabeba ngazi yake akaenda.

Nilikuwa nikitoka shule napitia pale, nasimama mbele ya vile vipande viwili mpaka macho yananiuma. Sikukukasirikia. Nilidhani unataka tu kitu kizuri.

Halafu wiki iliyopita, tukiwa tunakula, Neema akaniuliza, "Baba, mkataba ni nini?" Alikuwa kwa mama yake mkubwa, akasikia ujumbe wa sauti uliomtumia dada yako. Ndivyo nilivyojua kwamba umeongeza miaka miwili. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Rangi ikiamuliwa, nyumba imeisha, na nyumba ikiisha inabidi urudi. Nikazielewa zile picha zote.

Kesho yake nikampigia fundi, nikamwambia krimu. Alimaliza kwa siku mbili. Jumamosi tukahamia, mimi na Neema, vitanda viwili na kabati. Jioni ukapiga simu ya video, ukauona ukuta nyuma yangu.

"Umepaka."

"Nimepaka."

"Basi sina tena cha kusingizia," ukasema, ukaanza kulia. "Naogopa, Baba Neema. Mtoto hanijui. Nikirudi ataniamkia kama mgeni."

Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Mimi nimechoka, sikufichi. Nimechoka kufua, kumpeleka mtoto kusukwa na kukaa pale kwenye benchi na akina mama, kuwajibu majirani wanaoniuliza wewe mwenye nyumba unakuja lini. Wewe sijakuchoka. Nilichochoka ni kukutumia picha za ukuta wakati ungeweza kuniambia unaogopa.

Kuhusu mtoto, umesema kweli. Hakujui vizuri. Juzi ameniuliza kama wewe ni mrefu. Ukirudi atakuamkia shikamoo kama anavyowaamkia wageni, halafu atakuja kusimama nyuma yangu. Itaendelea wiki, pengine mwezi. Itakuuma, na mimi sitakuwa na la kufanya. Lakini zungumza na bosi wako, mke wangu, uone kama huo mkataba unaweza kufupishwa. Miaka miwili ikiisha Neema atakuwa na kumi, na sidhani kama bado atakuwa ananiuliza urefu wako.

Nakusubiri hapa Igoma,

Mumeo,
Baba Neema