Nadhiri Ambayo Bwana Seif Hakuiweka

Kanoni, Karagwe, mwezi wa tano, 1911

Mshauri wetu wa gazetini, shikamoo, na baada ya salamu nakusihi usome mpaka chini kabla hujaguna, kwa sababu jambo langu likianza linaonekana ni kheri tupu na ubaya wake uko mbele kidogo.

Mimi ni mke wa Bwana Seif, mwenye duka la nguo na chumvi hapa Kanoni ambaye pia hununua ngozi za ng'ombe, na marehemu baba yangu alitoka Pangani akanifundisha kusoma na kuandika, kwa hiyo haya nayaandika kwa mkono wangu na hakuna aliyenituma. Mume wangu aliondoka miezi mitatu iliyopita kwenda Mpororo kutafuta ngozi, akaniachia funguo na watu kumi na mmoja, wapagazi na wawamba ngozi, akasema, "Mwajabu, duka ni lako mpaka nirudi," nami nikaitikia kwa furaha, nikijua nina biashara yangu ndogo ya samli na sasa nimeongezewa kubwa, sikujua kwamba ndui ilikuwa njiani.

Mmoja wa wawamba ngozi wetu alikwenda arusini Nyakasimbi, akarudi na homa, siku ya nne akatoka vipele uso mzima. Watu wa hapa wana desturi yao na ni nzuri, kwamba mgonjwa na wote waliolala naye nyumba moja wanajengewa vibanda vya majani ya migomba huko pembeni, mbali na nyumba, hawatoki mpaka ijulikane nani kapona na nani kasalimika, na anayewapelekea maji ni mtu aliyeugua zamani, maana ndui haimrudii mtu, basi watu wetu wote kumi na mmoja, wanaolala banda moja siku za kazi, wakapelekwa huko. Lakini desturi hiyo, mshauri, imewekwa na watu wenye vibanja. Mwenye kibanja chake cha migomba akikaa kibandani, mkewe atamkatia ndizi na maisha yataendelea, ila watu wetu karibu wote ni wageni waliotoka Kimuli na ng'ambo ya mto Kagera kutafuta kazi, wamejishikiza kwenye viwanja vya wenzao, na siku ambayo hawakubeba mzigo ndiyo siku ambayo hawakula, wao na watoto wao.

Basi siku ya sita tangu wapelekwe vibandani naona watu wawili wanaingia uani kwangu jua la saa saba, wamejifunika shuka mpaka puani, wanaomba ngozi za kuwamba, nikitazama vizuri mmoja ni Kaijage, mnyapara wa wapagazi wetu, ambaye alipaswa kuwa kibandani, macho mekundu, anatetemeka, na dukani kwangu wamejaa wanawake na watoto wa mgongoni. Nilipiga kelele, sikuona haya, nikamwambia arudi alikotoka upesi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Maama, kukaa ninajua. Watoto wangu watakaa na nini?"

Nikasema rudini, mkiwa huko posho yenu itakuja kama mko kazini, maharage, chumvi na upande wa kaniki wa kubadilisha kwa ndizi, na majumbani kwenu vilevile. Nilidhani atashukuru, kumbe alirudi nyuma hatua mbili, akasema hapana, Maama, baba yake mdogo alikula mtama wa mfanyabiashara mmoja mwaka wa njaa, hakuambiwa bei, njaa ilipokwisha akaambiwa yeye mwenyewe ndiye bei, akafuata msafara wa mfanyabiashara yule na hakuonekana tena. "Cha bure cha dukani tunakijua," akasema, akanyoosha mkono apewe ngozi awambe.

Hapo ulimi wangu ukaniponyoka. Nikamwambia si cha duka, ni nadhiri ya Bwana Seif, aliapa siku ya kuondoka kwamba akivuka Kagera salama atawalisha watu wake shida yoyote ikiwapata, na nadhiri hailipwi. Nadhiri wanaijua, kwa sababu mwaka juzi mwanetu alipopona mume wangu alichinja ng'ombe, wakala wote wakashiba na hakuna aliyeitwa kudaiwa. Wakatazamana, wakajitanda shuka zao, wakarudi vibandani.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa napima maharage, na Mama Kokugonza, jirani yangu aliyeugua ndui utotoni, anawapelekea na kuviacha vikapu kwenye jiwe, kisha anarudi mbali na kuwaita waje wavichukue, na mimi nimelikata robota la kaniki ambalo mume wangu aliniambia nisiliguse kwa sababu ni la kununulia ngozi mvua zikiisha, limebaki nusu. Waliougua ni watano, hakuna aliyekufa, vigaga vinakauka, wengine asubuhi wanaimba huko mpaka nawasikia nikifungua duka, na hakuna nyumba nyingine ya Kanoni iliyopatwa. Nimefurahi, mshauri, sijawahi kufurahi hivi tangu niolewe, na furaha hiyo ndiyo inayonitia woga.

Kwa sababu mume wangu amerudi mpaka Kimuli, na huko wazee wamemweka kibandani yeye pia, kwa kuwa ametoka upande wenye ndui, hatapita mpaka mwezi mpya uandame. Na Kaijage ni mtu wa Kimuli, akiwa kibandani alikuwa amewapigia kelele wapita njia wawaambie ndugu zake habari za nadhiri, basi mume wangu kaniandikia barua, nainakili kama ilivyo: "Mke wangu, kila asubuhi watu nisiowajua wananiletea ndizi na maziwa, wananishukuru kwa nadhiri yangu. Nikiwauliza nadhiri gani wanacheka, wanasema mimi ni mtu mnyenyekevu. Niambie, niliweka nadhiri gani?"

Nimemjibu sisi sote wazima na salamu nyingi, basi. Nikimwambia kweli, namjua, ni mtu wa haki na ni mwepesi wa hasira, atatoka mlangoni atangaze kwamba hakuapa kitu, na habari hiyo itafika kwa Kaijage kabla ya kesho yake, watadhani wamekwisha kuwa rehani, watatoroka kutoka vibandani na vigaga vyao mwilini. Nikimwambia aliapa akasahau, atanitazamaje? Mjumbe wake anarudi tena wiki ijayo. Niandike nini?

Wako, Mwajabu

JIBU LA MZEE SALEH

Marahaba, binti yangu. Kwanza tulia. Jibu hili nimekutumia kwa mkono wa mtu, gazetini litatoka vibanda vikiwa vitupu, na majina yote nimeyabadilisha, hata la kijiji, kwa hiyo jirani yeyote anayependa kujua kila kitu ataishia kubahatisha.

Uliniomba nisigune mapema. Nimesubiri, sasa naguna. Nadhiri ni ahadi ya mtu na Mola wake, huwezi kumvalisha mwenzio kama kanzu naye yuko safarini! Umemfanya mume wako apokee shukrani za jambo asilolijua, na mtu mzima akishukuriwa asijue sababu hujiona mjinga. Hata hivyo uongo wa kwanza ulikutoka mbele ya mtu anayetetemeka kwa homa, na dukani mna watoto; huo nauelewa. Huu wa "sisi sote wazima na salamu nyingi" uliuandika umekaa chini, ukangoja wino ukauke. Huo umeniudhi.

Sasa nikwambie langu, usije ukadhani umemwandikia malaika. Ujanani niliongoza misafara, na sheria yangu ilikuwa asiyebeba hapati posho. Nilijivunia sheria hiyo. Mpagazi mmoja aliamka na homa, nikamkumbusha sheria, akabeba. Kufika kambi ya nne tulikuwa na wagonjwa kumi na wawili na mimi nikiwemo, na uso huu wa makovu ya ndui nilionao leo ndio niliopewa huko. Yeye tulimzika njiani. Nilichomnyima kilikuwa kibaba kimoja cha mtama. Kwa hiyo usiniulize kama ulikosea kulikata robota. Ungelikata siku ya kwanza, Kaijage asingefika uani kwako kabisa.

Kosa lako liko penye kuficha mkono unaotoa. Kaijage hakuogopa maharage, aliogopa asichoambiwa. Ulikuwa na nafasi ya kumwita mwalimu wa msikiti na wazee wawili wa hapo, ukasema mbele yao kwamba hii ni zawadi, haidaiwi leo wala kesho, ukamaliza. Ulifanya haraka, ukachukua jina la mume kwa kuwa lako uliliona dogo. Si dogo. Aliyekwambia duka ni lako ni yeye.

Unachotakiwa kufanya ni hiki. Mwandikie Seif leo, kwa mkono wako, uifunge barua kwa lakiri, na usizunguke. Mwombe jambo moja tu, anyamaze mpaka kigaga cha mwisho kidondoke, kwa sababu watu kumi na mmoja na kijiji kizima wanategemea kimya chake. Usimwombe aikubali nadhiri. Akitaka kuweka yake ataweka, hiyo ni kati yake na Mola wake. Kuhusu kaniki, mwambie samli yako ndiyo itakayoanza kuziba pengo, umwambie kabla hajauliza. Na vibanda vikishafunguliwa, simameni wote wawili mbele ya Kaijage na wenzake, na mashahidi wawepo, useme kwa kinywa chako kwamba nadhiri haikuwepo, na kwamba hakuna anayedaiwa hata punje. Wataogopa kidogo. Wavumilie, wajibu maswali yao yote, hata yale ya kukuudhi. Kisha iwe sheria ya duka, itangazwe mapema na kila anayeajiriwa aisikie: mtu akizuiwa kwa maradhi, posho yake inaendelea. Siku nyingine asitafute shuka ya kujifunika, nawe usitafute nadhiri.

Unasema ni mwepesi wa hasira. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Lakini fikiri alipo sasa. Amekaa kibandani, kazi hawezi kufanya, anakula wanachomletea wengine na hajui atawalipa vipi. Mfanyabiashara hapati siku nyingi za kuonja hilo. Akishafika Kanoni, akavaa kanzu safi na kushika funguo zake, atakuwa mwenye duka tena, na utakuwa na kazi ngumu zaidi ya kumweleza. Kwa hiyo usingoje mwezi uandame, wala usingoje mjumbe wake, tafuta wako.

Kwa kuwa naona utakaa na kalamu ukihangaika na mwanzo, mwanzo nakupa mimi, uunakili ulivyo: "Mume wangu, wewe hukuweka nadhiri yoyote. Niliisema mimi, kwa kuwa watu wako walikuwa tayari kufa kuliko kula chakula chetu. Sasa wote wako hai, na wanaokulisha huko ni ndugu zao." Tia jina lako chini, jina lako mwenyewe, kisha ukapime maharage ya Ijumaa.